Mgeni wa Chumba cha Juu

Siku niliyokwisha eda yangu sikumwambia mtu. Ilikuwa Jumamosi, alfajiri, adhana ishakwisha na mimi nimeinuka nikatawadhe, ndipo nikajikuta sina sala. Siku zangu za tatu tangu talaka zilikuwa zimeingia. Nikakaa kitako ukingoni mwa kitanda, kanga begani, nikajisemea, "Haya, Mwanakuu. Sasa huna mume."

Kila mwanamke wa mtaa wetu wa Kuze aliyekalishwa chuoni aijua hesabu hii. Mume akikuacha talaka moja, bado hajamaliza nawe. Maadamu u ndani ya eda, aweza kukurudisha kwa neno moja tu, "nimekurejea," bila posa, bila mahari, bila hata kukuuliza wewe wataka au hutaki. Eda ikisha kabla hajalisema, yeye ni mtu wa njiani. Akikutaka tena na aende kwa walii wako, mwenye kukuozesha, akakupose upya, na wewe uulizwe, na uitike. Na eda yenyewe, kwa sisi ambao siku zetu bado zatujia, haihesabiwi kwa kalenda ya ukutani. Yahesabiwa kwa mwili, na mjuzi wake ni mwenye mwili. Akisema imekwisha, imekwisha. Akinyamaza, nani atamjua?

Mimi nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nampenda Zakariya, niseme uongo wa nini?

Miaka sita tulikaa naye katika chumba kile cha juu, nyumbani kwa Bi Ummukulthum, yeye akipika halua kwenye jiko la watu kule Makadara, mimi nikishona mabuibui dirishani. Mtoto hatukujaaliwa. Mamake aliye Malindi akaanza kuleta maneno, kwanza kwa upole, kisha hadharani kwenye arusi za watu: mwanawe aoe mke wa pili, mke wa kwanza tumbo limekataa. Siku moja Zakariya akarudi kutoka Malindi akanieleza hayo ameinamisha kichwa. Hakusema ataoa, hakusema hataoa. Na mimi nina ulimi, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Kama u mwanamume kweli, niache!"

Akaniacha, talaka moja. Alitoka na ndara za chooni miguuni, makubadhi yake ya ngozi akayasahau chini ya kitanda. Nikasikia watu wakisema amekwenda kwa mamake.

Sasa hayo makubadhi. Sikupata kumwambia mtu, na nyinyi nawaambia kwa kuwa sina budi. Usingizi ulinihama tangu usiku ule wa kwanza. Nikilala upande wangu, upande wake unaniita. Basi usiku mmoja niliyavuta yale makubadhi nikayavaa. Makubwa, miguu yangu yapotea ndani. Nikatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani, na ile sakafu ya mbao ikalia vilevile ilivyokuwa ikilia Zakariya akirudi kazini. Nikifumba macho nasema, huyo amerudi. Nikafanya hivyo kila usiku. Watu wazima hufanya mambo ya kitoto wakiwa peke yao, na mimi nilikuwa peke yangu kweli.

Lililonitisha lilikuwa jingine. Wiki mbili hizo za mwisho, kila asubuhi nikifungua mlango wa chumba, nakuta harufu kizingitini. Iliki, samli na marashi ya mawaridi. Harufu ya nguo za Zakariya. Yakaa pale kitambo kidogo kisha yapotea. Nikasoma Ayatul Kursi. Kesho yake harufu ikawa palepale. Nikajua basi, nimeanza kuharibikiwa.

Jumamosi hiyo, saa mbili asubuhi, nikasikia gongo la Bi Ummukulthum kwenye ngazi. Bi Ummukulthum amepita sabini na hapandi ngazi ila kwa shari.

"Mwanakuu! Fungua nikuone mato yako."

Nikafungua. "Sabalkheri, Bi. Karibu, kaa kitako."

"Kheri ataileta Mungu. Sikai. Usiku wa jana ulimlaza nani humu?"

"Nimlaze nani, Bi? Nimelala peke yangu."

"Basi huo upweke wako wavaa viatu vya kiume." Akaingia, akachungulia nyuma ya pazia, akainama kwa tabu akatazama chini ya kitanda, makubadhi nimeyasukuma hadi nyuma kwenye kiza. "Mimi nalala chini ya chumba hiki. Nasikia mtu apanda ngazi polepole, anyata. Kisha juu ya kitwa changu, ta, ta, ta, huku na huku, mpaka karibu na alfajiri. Hatua za juu zilianza zamani, nikasema ni wewe na kukosa usingizi kwako; lakini na ngazi kupandwa, leo usiku wa kumi na nne. Nimezisikiliza ngazi hizi miaka thalathini, tangu mume wangu ashuke asirudi. Mimi wa kuja kunidanganya kwa hatua?"

Hatua za chumbani nilizijua, zilikuwa zangu. Za ngazini sikuzijua.

"Bi, apanda ngazi nani?"

"Waniuliza mimi?"

"Wallahi sijui."

"Usimtaje Mungu kwa mambo haya." Akatoa karatasi kifuani, imekunjwa mara nne, akaifungua mbele ya uso wangu. "Huu ndio mkataba. Soma sharti la tatu."

Nalijua kwa moyo. Mgeni hana ruhusa ya kulala chumbani. Kila mpangaji aliyepita nyumba ile alitia sahihi chini ya sharti hilo.

"Haya, sasa soma jina la mpangaji."

"Zakariya Gharib."

"Wewe umo wapi hapo?"

Jina langu halikuwamo.

"Ulikuwa mke wa mpangaji," akasema, na sauti ilipungua kidogo, maana si mwanamke mbaya. "Mke wa mpangaji si mgeni. Zakariya aliponijia mbio mbio kunambia amekuacha, nilisema mwache mtoto wa watu akae eda yake nyumbani kwake, ndiyo sheria ya Mungu. Nikakuachia. Eda ikisha, mwanangu, na wewe humu ni mgeni, chumba nitampa mwingine. Lakini ikiwa u ndani ya eda na walaza mwanamume, hiyo eda siingoji. Nimempigia Zakariya simu. Aja baada ya Asri, mwenye mkataba wake, tusikizane."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nilichosikia."

Akashuka. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Eda yangu imekwisha na chumba kimekwenda nayo. Zakariya aja, na ajia kumwona mwanamume asiyekuwepo. Na mimi jambo la kujiokoa ni moja tu, niseme kuwa huvaa viatu vya mume aliyeniacha nikatembea navyo usiku. Afadhali wanitoe nje na vyombo vyangu.

Adhuhuri Trizah alirudi kazini, akapanda moja kwa moja hadi kwangu bila kubadili nguo. Trizah ni mpangaji wa chumba cha chini kinachotazamana na cha Bi. Ametoka bara, afanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na sheria azipenda kama wengine wapendavyo taarabu.

"Nimesikia," akasema. "Usitoke."

"Nitakaa vipi? Karatasi si yangu."

"Sikiza, dada. Miezi hii yote kodi nani amelipa?"

"Mimi."

"Na Mama mwenye nyumba amepokea?"

"Amepokea."

"Basi wewe ni mpangaji wake, hata kama hiyo karatasi imeandikwa jina la nani. Hawezi kukutoa kwa mdomo. Aandike notisi, akupe muda, na kama hukubali mnaenda mbele ya wanaosikiliza kesi za wapangaji. Na hilo sharti la wageni mimi nimelichoka! Kaka yangu Griffins alitoka nyumbani kuja kufanya mahojiano ya kazi, akalala gesti, usiku kucha kunguni. Ndugu yangu wa tumbo moja! Mtu akilipa chumba ana haki ya kukaa kwa amani yake, hata kama ni kumlaza ndugu siku mbili."

"Mwambie Bi hayo."

"Nilimwambia. Akanipa chai na mahamri, akasema mgeni halali."

Tukacheka, mimi na machozi. Kisha akanishika mkono.

"Lakini niambie ukweli, Mwanakuu. Sitakuhukumu. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Huyo anayepanda. Mimi pia namsikia. Anapita mbele ya mlango wangu. Alhamisi nilifungua nikachungulia, na taa nikawasha. Sikuona mtu. Lakini ngazi ilikuwa inanukia."

"Inanukia nini?"

"Kitu kitamu. Kama mtu amepika keki, na ile iliki mnayotia kwenye chai."

Basi si mimi peke yangu. Nilitaka kumwambia kila kitu, ya makubadhi na ya eda, na kinywa kikakataa.

"Trizah, baada ya Asri usitoke. Uwepo hapa."

"Siendi popote," akasema. "Ninataka kumsikia huyo mume wako akijitetea."

Nilivaa buibui langu, nikajifunika vizuri, nikakaa juu ya kiti cha cherehani, mlango wazi. Nikazisikia hatua zake tangu mlango wa nje. Moyo, nyamaza. Bi Ummukulthum alitangulia na gongo lake, nyuma yake Zakariya, nyuma yake Trizah mikono kiunoni.

Alikuwa amekonda. Mashavu yameingia, ndevu hazikutengenezwa, na miguuni ana viatu vya plastiki vya bei ya chini ambavyo wakati wangu nisingemwacha atoke navyo. Hakunitazama mara moja. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye pazia, kisha nyuma ya kabati, kisha kitandani. Alikuwa akimtafuta mtu.

"Assalaam aleikum," akasema.

"Waaleikum salaam," nikamjibu. "Mama yako hajambo huko Malindi?"

"Malindi?" Akashangaa. "Sijafika Malindi tangu siku ile. Nalala jikoni kwenye halua, juu ya magunia ya sukari."

"Nimeambiwa umekwenda kwa mamako."

"Mama alinipigia akaniambia nishukuru nimepumzika nawe. Tangu hapo simu zake sishiki."

Hilo sikulijua. Nikatazama mikono yangu nisionekane uso.

Bi Ummukulthum aliligonga gongo sakafuni. "Zakariya, mwanangu, maneno ya simu tuyawache. Mimi nimekwita kwa kuwa karatasi ni yako. Nyumba yangu mgeni halali, wajua. Nimekwambia nilichosikia usiku kumi na nne. Huyu akataa. Wewe wasemaje?"

"Nasema ni kweli, Bi. Najua."

"Wajua?"

"Nimezisikia mwenyewe hizo hatua za chumbani."

Trizah akamrukia, "Umezisikiaje na wewe hulali hapa?"

Zakariya aligeuka akanyosha kidole nje ya mlango, pale ngazi inapoishia.

"Nilikuwa nimekaa hapo."

Bi Ummukulthum aligeuka akapatazama.

"Apandaye ni mimi, Bi. Nisamehe. Ufunguo wa mlango wa nje sikuurudisha. Nikimaliza kusonga halua nawacha viatu chini, napanda. Mwezi wa kwanza nilikuwa na hasira sikuja. Wa pili nilikuwa na aibu. Wiki mbili zilizopita nikasema basi, aibu isiniue, nikaja nimgongee mlango nimwambie nimemrejea." Akautazama mlango. "Nikainua mkono nigonge. Nikasikia viatu vya kiume ndani."

"Subhanallah," akasema Bi kwa sauti ndogo.

"Nikakaa kwenye ngazi nimngoje atoke. Niseme naye, au nimtie mkono, sijui. Hakutoka mtu. Alfajiri nikaenda zangu. Kesho yake nikaja, viatu vilevile, hatua zilezile. Kila usiku nainua mkono, kila usiku nasikia yule mtu akitembea, naushusha. Usiku wa jana nilifika mpaka nikaugusa mlango kwa vidole. Nikamsikia amekuja akasimama upande wa pili, karibu kabisa, nasikia pumzi zake. Nikasema, huyu anajua niko hapa na anicheka."

Nilikuwa nimesimama pale. Usiku ule wa jana, karibu na alfajiri, nilisimama paji la uso kwenye mlango ule ule, nikinusa iliki, nikimwomba Mungu ama anirudishie mume wangu ama aniondolee harufu yake. Kati yetu palikuwa na ubao usiozidi unene wa kidole.

Zakariya sasa akanitazama. Macho yale yale, mekundu kwa moshi na kukesha.

"Mwambie atoke, Mwanakuu. Sitampiga. Nataka nimwone tu sura, nipate kwenda zangu nilale."

"Nikikwambia hapana mtu?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu!"

"Na masikio yako hayakuvijua viatu vyako mwenyewe?"

Yalinitoka kabla sijayapima, ulimi wangu ni ule ule. Basi yakishatoka hayarudi. Niliinama nikayavuta makubadhi chini ya kitanda, nikavua viatu vyangu, nikatia miguu. Nikatembea mbele yao, kutoka dirishani hadi mlangoni, ta, ta, ta, buibui likiburura, visigino vyangu vikiishia katikati ya ngozi. Nikarudi. Sikumtazama mtu. Haya iliniunguza uso mzima.

"Huyo ndiye mgeni wangu," nikasema. "Mfukuzeni."

Bi Ummukulthum alitia upindo wa mtandio kinywani. Trizah aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Zakariya alishuka taratibu akachutama palepale kizingitini, mikono kichwani, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika babake.

"Usiku kumi na nne," akasema. "Usiku kumi na nne namwonea wivu mguu wako."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshika kichwa kile nikilaze kifuani pangu.

Akafuta uso kwa mkono wa kanzu, akainuka, akasimama wima.

"Bi Ummukulthum, na wewe dada Trizah, kuweni mashahidi. Huyu ni mke wangu. Nimemrejea."

Bi alirusha gongo kitandani akapiga kigelegele, kigelegele cha nguvu ambacho hukutarajia kutoka kwenye kifua kile kikongwe. Trizah akanikumbatia. Na mimi nikawa nimeganda mikononi mwake.

"Alhamdulillahi nimewahi," Zakariya akasema, acheka huku machozi hayajakauka. "Nilikuwa nahesabu kila siku kwenye kalenda ya dukani. Miezi mitatu kamili. Zimebaki siku kumi na mbili."

Kigelegele kilikatika.

Bi Ummukulthum alimtazama Zakariya, kisha akanitazama mimi, na niliona anajua.

"Miezi mitatu," akasema polepole. "Nani aliyekuhesabia miezi mitatu?"

"Si ndiyo eda, Bi? Miezi mitatu."

"Miezi mitatu ni ya vikongwe kama mimi, tuliokwisha siku zetu. Mkeo ni mwanamke kijana. Hukumuuliza hata mwalimu wako wa chuoni?"

"Niliona haya kuuliza."

"Uliona haya." Bi akaja akasimama mbele yangu, akanishika kidevu, na ile sauti ya asubuhi haikuwamo tena. "Mwanakuu, mwanangu. Hili halijui mtu ila wewe. Sheria yataka neno lako, na neno lako latosha, hapana wa kukupinga. U ndani au u nje?"

Nyinyi msomao mwaweza kusema ningejibu mara moja. Nyinyi hamkuwa mmevaa viatu vile. Yule bibi alikuwa akiniomba kwa macho niseme ndani. Trizah hakuelewa kinachosemwa, lakini alielewa uso wangu, na mkono wake ulinibana. Zakariya alikuwa ameacha kucheka. Neno moja tu, "ndani," na usiku ule ule angelala upande wake wa kitanda. Chumba kingekuwa chetu, karatasi ingekuwa na maana yake, na mamake wa Malindi angeona joto ya jiwe. Ningejua mimi na Mungu tu.

Ndipo nikaiona miaka iliyo mbele. Nikamwona amelala, mkono wake juu yangu, ajiona mume, na mimi macho wazi natazama boriti, najua si mume. Ningekuwa nimemlaza mgeni humu kila usiku wa maisha yangu, na mgeni mwenyewe asijue. Miezi yote hii nimetembea na mume wa uongo chumbani. Wa pili nisingemweza.

"Nje," nikasema.

"Tangu lini?" aliuliza Bi.

"Tangu alfajiri ya leo. Niliamka nisali, nikakuta sina sala."

Zakariya alinyosha mkono kunishika, na Bi akaliokota gongo kitandani akalitia kati yetu. Hakulitia kwa ukali. Alilitia kama mtu anayefunika maiti.

"Basi, baba," akamwambia. "Rejea yako haikushika. Huyu si wako, na hapa ndani si mahali pako kusimama. Toka."

"Bi, leo hii? Leo hii asubuhi?"

"Toka, Zakariya."

Akarudi nyuma hatua moja, akavuka kizingiti. Alitafuta mfukoni, akatoa ufunguo wa mlango wa nje, akauweka kiganjani mwa Bi.

"Ile karatasi iandike jina lake," akasema. "Asilale njiani kwa sababu yangu."

"Iandikwe leo," akasema Trizah, "na mimi nitaisoma kabla hajatia sahihi."

"Nitaiandika," Bi akasema. "Na hilo la wageni tutalitazama. Ndugu wa damu aweza kulala." Akamshika Trizah mkono, wakashuka ngazi kidogo, wakatuacha, Zakariya nje ya kizingiti, mimi ndani, mlango wazi, na Bi akisikiliza kila neno.

Tukatazamana. Mungu wangu, jinsi tulivyotazamana! Nilimwona mvulana aliyenipitishia kipande cha halua ya moto dirishani kwetu kabla hajanioa, na nilimwona mzee ambaye huenda nisizeeke naye.

"Nikienda kwa kaka yako aliye walii wako," akasema, "nikakupose upya, nikatoa mahari upya, mama akitaka asitake. Utaulizwa wewe. Utaitika?"

Nilifungua kinywa nijibu, na jibu nililotaka halikuja. Lilikuja lililokuwa likinichoma.

"Jana hukuhitaji kuniuliza, Zakariya. Ulipougusa mlango kwa vidole vyako, nilikuwa mkeo bado."

Akashika ukuta kwa kiganja. Kisha akashuka.